Giligilani yangu imekwenda maua mapema, nifanyeje?

*Maswali ya bustani ya nyumbani yanajibiwa na Bibi Shamba, mstaafu wa kilimo, Uyole, Mbeya.*

Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni mpangaji hapa Ilomba, nina kibaraza tu. Septemba nilinunua miche ya giligilani nikaihamishia kwenye kopo la rangi la lita nne. Mwanzoni ilikaa vizuri. Baadaye katikati likachomoza shina refu, majani ya juu yakawa membamba yamechanikachanika, na sasa kuna viua vyeupe. Jirani anasema ni ugonjwa, ning'oe nichome moto. Ni kweli?
*Mama wa Ilomba*

Marahaba mwanangu. Usichome kitu, na jirani yako mpe salamu zangu. Hiyo mimea haiumwi, imezeeka. Giligilani ina maisha mafupi: kati ya siku 30 na 45 tangu mbegu iingie udongoni unaanza kuchuma majani, na ikifika miezi mitatu hadi minne imeshakausha mbegu, kazi yake imekwisha. Ila yako imezeeshwa kabla ya wakati, na yaliyoizeesha yamekukuta yote kwa mpigo.

Kubwa ni huo uhamisho. Giligilani ina mzizi mkuu mmoja unaochimba moja kwa moja kwenda chini. Ukiuchomoa mche kitaluni, mzizi unakatika ncha au unapinda, na mmea ukishajiona hatarini unakimbilia kutoa mbegu kabla haujafa. Nyanya hamisha, kabichi hamisha, vitunguu hamisha utakavyo. Giligilani na karoti mbegu inapandwa pale pale itakapokaa mpaka mwisho. Nasema hivi nikijua nitanuniwa sokoni Mwanjelwa: anayekuuzia mche wa giligilani anakuuzia maua.

Kisha kuna jua. Sisi wa Mbeya tunalalamikia baridi ya Juni na Julai kana kwamba ni adhabu, kumbe ndiyo giligilani inayoitaka. Septemba hadi mvua zianze Novemba ndicho kipindi kibaya kwake, mchana kunawaka na udongo unakauka. Kopo la bati likiegemea ukuta wa saruji linachemsha mizizi, na lita nne za udongo haziweki maji mpaka jioni. Joto na kiu vyote viwili vinaita ua.

Sasa ufanyeje na hiyo iliyopo? Kukata shina la ua kunakupa siku chache tu, na majani yatakayofuata yatakuwa machache na machungu kidogo. Mimi ningeiacha. Maua yake yanapendwa na nyuki, na pia na wale nzi wadogo wenye mistari ya njano ambao watoto wao wanakula vidukari, vile vidudu vidogo vinavyonyonya majani. Vijitunda vikigeuka kahawia, kata shina zima, litumbukize kichwa chini ndani ya mfuko wa kaki, lining'inize jikoni mbali na moshi. Mbegu zitadondoka zenyewe, na hapo mbegu hununui tena.

Kwa awamu ijayo tafuta ndoo chakavu ya lita kumi au zaidi, yenye kina cha shubiri moja angalau, uitoboe chini matundu ya kutosha. Changanya makopo mawili ya udongo wa juu na kopo moja la samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, ile ambayo ukiinusa hainuki tena choo. Ukipata maganda ya mpunga, tia viganja kadhaa udongo usishikane. Fukia mbegu kina cha sentimita moja tu. Ndoo iweke upande wa mashariki wa nyumba ipate jua la asubuhi, na kuanzia saa saba mchana iwe kivulini. Mwagilia asubuhi, kidogo lakini kila udongo unapoanza kukauka juu. Mgawo wa maji ukibana, maji uliyooshea mchele yanafaa kabisa.

Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu: wanapanda ndoo moja, wanakula mwezi mmoja, inakwenda maua, wanasema giligilani inasumbua. Haisumbui. Panda ndoo ya kwanza leo, ya pili baada ya wiki mbili, ya tatu baada ya wiki mbili nyingine. Ya kwanza ikichoka, ya tatu ndiyo inaiva. Ukichuma, anza na majani ya nje, usivuke theluthi ya mmea kwa siku moja, na kile kitovu cha katikati usikiguse.

Bibi, hizi giligilani kavu za dukani tunazoweka kwenye pilau, zinaota? Nimezifukia mwezi wa saba, wiki mbili zimepita hakuna kitu.
*Mwanafunzi, Kihesa, Iringa*

Zinaota, mradi ziwe nzima, hazijakaangwa wala hazijalala ghalani miaka. Kile unachokiona ni kama mbegu moja, lakini ni tunda lenye mbegu mbili ndani, na ganda lake ni gumu kupitisha maji. Zitandaze kwenye ubao, zibingirishie chupa taratibu mpaka zigawanyike vipande viwili. Usizisage, hatupiki. Zilaze kwenye maji usiku mmoja, ndipo upande.

Kuhusu wiki mbili: Julai ya Iringa ni baridi. Mahali pa joto zingechomoza ndani ya siku saba hadi kumi, kwako zinaweza kufika wiki tatu. Tafadhali acha kufukuafukua kuangalia. Ukiwa na shaka na mbegu zenyewe, chukua kumi, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu karibu na jiko. Zikiota chini ya tano, badilisha duka.

Jihadhari na jambo moja ukibadilisha kwenda duka la pembejeo: mbegu ya pakiti ikiwa imepakwa rangi, nyekundu au kijani, ina dawa. Hiyo ni ya shamba. Isije ikajichanganya na kopo la viungo.

Shikamoo bibi. Niko Kyela. Huku giligilani tunaletewa kutoka Mbeya, ikifika imenyauka. Nikijaribu mwenyewe inarefuka na kutoa ua hata kabla sijachuma. Niachane nayo?
*Kijana wa Kyela*

Marahaba baba. Usiachane nayo, badilisha namna ya kuila. Ninyi mko bondeni kando ya Ziwa Nyasa, joto lenu si letu, kwa hiyo usisubiri kichaka kikubwa kama cha Uyole. Panda Mei mpaka Julai, chini ya migomba au upande wenye kivuli cha mchana, na upande kwa kubananisha, mbegu karibu karibu. Ikifika wiki nne au tano, ing'oe nzima na mizizi yake, hapo hapo panda nyingine. Mizizi usitupe: ioshe vizuri, itwange na kitunguu saumu, upake samaki kabla ya kuchoma. Kwa mbasa wenu huo sijui mnangoja nini.

Iliyotoka Mbeya ukiipata bado ina uhai, kata ncha za mashina, isimamishe kwenye glasi ya maji kama ua la mezani, mahali pa ubaridi. Badilisha maji kila siku.

Mume wangu anasema chakula chenye kotimiri, yaani majani ya giligilani, kinanuka sabuni. Anadhani sisuuzi vyombo! Nami sisikii harufu yoyote ya sabuni. Nani mkweli?
*Mke mwenye hasira, Njombe*

Wote wawili, mdogo wangu. Majani ya giligilani yana kemikali ziitwazo aldehidi, na za jamii hiyo hiyo zimo pia kwenye sabuni. Kuna watu wamezaliwa na pua inayozinasa kwa nguvu kuliko wengine, ni jambo la kurithi. Ukiyatwanga majani au ukiyapika kidogo harufu hiyo inapungua. Kwake tumia mbegu kavu zilizokaangwa, hazina hiyo harufu. Na sahani zako muoneshe zikiwa kavu, aombe radhi.

Bibi Shamba, chini ya majani kuna vidudu vya kijani vimejazana, na sisimizi wanapanda na kushuka. Nimeshauriwa dawa ya kupulizia nyanya. Nipulize?
*Jirani yako, Uyole*

Hapana, hapana! Giligilani unaitia mbichi kwenye kachumbari, na unaichuma leo na kesho. Utasubiri vipi siku za dawa kuisha?

Hivyo ni vidukari, na sisimizi wanawafuata kwa sababu ya utamu wanaoutoa. Elekeza maji kwa nguvu chini ya majani uvidondoshe. Vikirudi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na lita moja ya maji, pulizia jioni jua likishatua, asubuhi suuza kwa maji safi. Rudia baada ya siku tatu nne. Kama ulitia samadi ya kuku, simama kwanza: ikizidi, majani yanakuwa laini mno na vidukari wanaitana. Na ukiona unga mweupe juu ya majani, huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, si wadudu. Punguza mimea ibaki na nafasi ya vidole vinne kati yao, na maji yaende kwenye udongo, si juu ya majani.