Maswali na majibu: JSS (sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi 9) ya mtaani na watoto wachache

Shule ya umma iliyo karibu nasi ina watoto wasiozidi 20 katika Gredi ya 7. Majirani wamepeleka watoto wao akademi ya kibinafsi. Nimhamishe wangu? (Mama, Taveta)

Uchache wenyewe si ugonjwa, mama. Mwalimu wa watoto 20 anamjua kila mmoja kwa mwandiko wake. Tatizo liko kwenye fedha. Serikali ya Kenya hupanga Sh15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa JSS. Watoto 60 kutoka Gredi ya 7 hadi ya 9 ni Sh902,520. Wakiwa 300, ni zaidi ya Sh4.5 milioni. Masomo ni yale yale tisa, na vifaa vya Sayansi Jumuishi havishuki bei kwa kuwa darasa ni dogo. Tena fedha zenyewe huchelewa. Kwa hiyo kila mtoto anayeondoka anawaachia wenzake shule maskini zaidi.

Sikuambii ubaki kwa huruma. Nenda Jumanne ya kawaida, si siku ya wazazi, uulize nani anafundisha Hisabati na nani Sayansi. Ukitajiwa mwalimu mmoja kwa yote mawili, na Kiswahili juu yake, hapo una sababu ya kuhama.

Mjini wanasema shule yetu ilianguka KJSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 9, ya 2025. Ni kweli? (Mzazi, Mariakani)

Waulize wameona wapi, maana orodha ya kupanga shule kwa nafasi haikutolewa. Kila somo lina viwango vinane, kuanzia EE1, cha juu kabisa, chenye pointi 8 hadi BE2, cha chini kabisa, chenye 1. Masomo tisa ni pointi 72. Shule ikiwa na watahiniwa 15, mtoto mmoja au wawili waliougua muhula mzima wanatosha kuuvuta wastani chini.

Isitoshe, mtihani wa Gredi ya 9 ni asilimia 60 tu ya matokeo. Ishirini ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na ishirini nyingine ni KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya 6, ambayo mtoto aliifanya kabla hajaingia JSS. Wanaoilaumu JSS peke yake wanalisahau hilo.

Tunaombwa pesa za kumlipa mwalimu wa BOM, aliyeajiriwa na bodi ya shule. Ni lazima? (Baba wa wawili, Voi)

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inakataza karo katika shule za umma. Michango mingine huhitaji idhini ya Waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na mtoto hafukuzwi kwa kukosa kulipa. Lakini ukweli wa mitaani ni kwamba TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, isipoleta mwalimu, bodi ya shule hutafuta wake. Ombeni kuiona barua ya idhini, kisha mwulize mwalimu mkuu aliiandikia TSC lini kuhusu upungufu huo.