Jibu: Kusomea tabia za ndege na kuishi kwa kazi hiyo

Mdogo wangu wa Sikonge, nimekuelewa: umemaliza kidato cha sita, unataka kuchunguza tabia za ndege, na mzee anauliza utakula nini. Swali lake ni la haki, kwa kuwa ajira nyingi za utafiti ni za mikataba mifupi. Kwa hiyo omba shahada ya usimamizi wa wanyamapori, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro au Chuo cha Wanyamapori Mweka, ambayo hufungua pia milango ya uhifadhi.

Ila usisubiri chuo. Mimi nilianza kwa kufuatana na warina asali wa Urambo, nikimsikiliza mlembe, ndege anayewaongoza watu hadi kwenye nyuki, akilia kama kiberiti kinachotikiswa, na kuandika daftarini saa, mti na alikoelekea. Maarifa ya warinaji yana uzito: mwaka 2016 mtafiti wa ndege Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha, kule Niassa nchini Msumbiji, kwamba mwito ambao warina asali wa Kiyao humwitia mlembe, ukilinganishwa na sauti nyingine, ulipandisha uwezekano wa kuonyeshwa nyuki na ndege huyo kutoka takribani asilimia 17 hadi 54.

Usikamate ndege wala kumvisha pete ya utambuzi mguuni bila kibali. Waulize TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, kwanza.