Maswali ya wasomaji: Vali inayochelewa na isiyotaka kufungwa

SWALI: Nina USB-6008 (kifaa cha kuunganisha kompyuta na ishara za umeme), moduli ya relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na vali ya maji ya solenoidi (inayoendeshwa na koili ya umeme), volti 12 DC. Programu yangu ya LabVIEW (lugha ya kuandika programu kwa michoro) inatakiwa kufungua vali sekunde 5 kila dakika 10, kwa saa 8. Ndani ya While Loop (lupu inayorudia hadi isimamishwe) nimepanga: fungua, Wait 5000 (ngoja milisekunde 5000), funga, Wait 600000. Ikifika jioni ratiba imechelewa dakika 4. Kitufe cha Stop hakisikii, na nikitumia Abort vali hubaki wazi. Tena nikichomeka tu waya wa USB, vali inafunguka yenyewe. Nimekosea wapi?

JIBU: Dakika 4 hizo ni hesabu nyepesi: mzunguko wako ni wa sekunde 605, si 600. Zidisha hizo 5 mara 48, unapata 240. Kuweka 595000 kwenye Wait ya pili kutapunguza tu, maana muda wa kuandika kwenye kifaa nao hulimbikizwa kila raundi.

Stop nayo ni nzima. Lupu huisoma mara moja kwa raundi, kwa kawaida mwanzoni kabisa. Ukibonyeza katikati, utangoja raundi hii iishe na inayofuata nzima.

Ondoa Wait zote mbili, weka moja ya 100. Tumia Shift Register (hubeba thamani kutoka raundi moja hadi inayofuata) mbili: moja ibebe hali ya vali, nyingine muda wa tukio lililopita. Kila raundi toa muda huo kwenye Tick Count (saa ya kompyuta inayohesabu milisekunde). Tofauti ikifika 595000 vali ikiwa imefungwa, au 5000 ikiwa wazi, geuza hali. Hapa ndipo wengi huteleza: muda mpya ni ule wa zamani ukiongezewa 595000 au 5000, si usomaji wa sasa wa Tick Count. Ukihifadhi wa sasa, ucheleweshaji unarudi kwa mlango wa nyuma. Hesabu zote ziache katika U32 (namba kamili za biti 32 zisizo hasi), kwani Tick Count hurudi 0 baada ya siku 49 na ushee, na kutoa kwa U32 hakuathiriwi. Shift Register zote zipe thamani za kuanzia kutoka nje ya lupu, la sivyo zitaamka na za jana.

Abort hukata programu papo hapo, na 6008 hushikilia thamani ya mwisho iliyoandikwa. Simamisha kwa Stop, na nje ya lupu weka DAQmx Write (amri ya kuandika kwenye kifaa) ya kufunga vali. Usiiunganishe na waya wa hitilafu (unaobeba taarifa za makosa ndani ya programu) unaotoka kwenye lupu: ikipokea hitilafu, DAQmx Write haiandiki chochote, na vali itabaki wazi siku ileile mambo yameharibika.

Kufunguka kwenyewe ni suala la umeme. Pini za 6008 huanza zikiwa za kupokea, zikivutwa kwenye volti 5 kwa kizuizi cha kilo-omu 4.7, na moduli yako huwashwa na volti ya juu. Tafuta inayowashwa na volti ya chini. Kumbuka hapo kufunga ni kuandika True. Koili ya relei usiiunge moja kwa moja: ya volti 5 hula takriban miliampia 70, pini inamudu 8.5. Kwenye koili ya vali weka diodi 1N4007, mstari wake upande wa chanya.

Kwa maji, kosa la milisekunde 100 halina neno. Mipigo ya milisekunde chache 6008 haiwezi, kwa kuwa pini zake huendeshwa na saa ya Windows. Hapo chukua kifaa chenye kaunta ya kutoa mipigo, mfano USB-6211.