Maswali yenu kuhusu mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu

Ule mtambo ulikuwa wa nani hasa? Kila mtu husema Wachina. (Mvuvi, Kizingitini)

Wachina walikuwamo, lakini wenye mradi ni Wakenya: Amu Power, iliyoundwa na Gulf Energy na Centum. PowerChina ndio wangejenga, benki ya ICBC ya China ikopeshe, General Electric ya Marekani ilete mitambo, na makaa yaje kwa meli kutoka Afrika Kusini. Megawati 1,050, kwa takriban dola bilioni 2. Umeme ungenunuliwa na Kenya Power kwa miaka 25, na mikataba ya aina hii humlipa mwenye mtambo hata umeme wake usipotumika. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: faida ingegawanywa nchi kadhaa, bili ingebaki kwetu, na jivu na maji ya moto yangebaki ghuba ya Manda, kwenye mikoko yenu.

Kesi iliishia wapi? (Mama, Langoni)

Juni 2019, jopo la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira, mwaka 2016. Sababu kubwa ni kwamba wananchi waliitwa mikutanoni kabla ripoti ya athari za mradi kwa mazingira haijakuwa tayari. Ilipotoka, hawakupewa nafasi ya kuijibu ipasavyo. Baada ya hapo wakopeshaji wakaanza kutoka: Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka huohuo, ICBC mwaka 2020. Amu Power walikata rufaa, na Oktoba 2025 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Malindi ikaitupa. Mama, ni wakazi wa Lamu waliokwenda kushtaki, na wameshinda mara mbili.

China yaweza kurudi? (Mwanafunzi, Malindi)

Septemba 2021 Rais Xi Jinping aliahidi kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake.

Sisi tuliahidiwa kazi. (Kijana, Hindi)

Ndiyo, na sitakwambia hasara hiyo ni ndogo. Ila kazi nyingi za mtambo ni za miaka ya ujenzi, na baharini ni kazi ya kila siku. Mradi mwingine ukija, dai kuandikiwa idadi ya ajira za kudumu na muda wake kabla hujapiga makofi.

Na umeme tutoe wapi? (Mwalimu, Mpeketoni)

Mvuke wa ardhini wa Olkaria, upepo wa Ziwa Turkana, na tangu 2022 umeme wa maji kutoka Ethiopia, ulioanza na megawati 200, kwa laini ya kilomita 1,045. Huo nao ni ushirikiano wa kuvuka mpaka, mwalimu, na hauchomi makaa.