Kabla hujalipa podi za mazoezi, muuzaji aandike neno "jasho" kwa risiti

Usitume hiyo pesa. Nimesoma swali lako mara mbili. Umesema uko Nakuru, unataka hedifoni ya kama 2,500 ya kusikiliza kwa matatu ukienda kazi na ya kukimbia asubuhi upande wa Menengai, unauliza kama ni bora zile kubwa za kufunika sikio ama podi ndogo, betri inafaa ikae saa ngapi, nyeusi ama nyeupe, halafu mwisho kabisa ukatupia ati kuna jamaa amekuonyesha podi za 2,200 "haziogopi maji, hata kuogelea unaogelea nazo", na Jumamosi unaenda kuzichukua. Hiyo ya mwisho ndiyo imefanya niache chai ipoe niandike. Niliambiwa maneno hayo hayo, hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa, na yalinitoa 5,200.

Mimi niko Kisumu. 2022 daktari aliniambia presha yangu inapanda na nianze mazoezi, nikaanza kukimbia, natoka Nyalenda nashuka Dunga narudi, siku nikiwa na nguvu napanda mpaka Milimani. Mtu hajawahi kukimbia huku hawezi kuelewa jasho ni nini. Saa kumi na mbili asubuhi hewa ya ziwa imeshakulowesha kabla hata mwili wako uanze kutoa yake. Bila muziki zile kilomita hazikuwa zinaisha, kwa hivyo nikaenda duka moja hapo mjini, nikamwelezea mwenye duka kila kitu, nakimbia, natoa jasho kama bomba, nataka kitu ya kuvumilia. Akanitolea podi za 3,200, akanionyesha boksi limeandikwa IPX7, alama ya kuonyesha kitu kinavumilia maji kiasi gani, akaniambia "hii brathe unaingia nayo ziwani unatoka nayo". Nikalipa hapo hapo. Risiti aliandika "earphone 1, 3,200", na chini kabisa ilikuwa imechapwa ati bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sikuisoma. Nilikunja nikaweka mfukoni.

Siku ya kumi na tisa ya kulia ikaanza kuongea pole pole. Nikadhani ni uchafu, nikasafisha na kitambaa. Siku tatu baadaye ikanyamaza kabisa, na vile vipini viwili vya kuchajia vimeota kijani kama sarafu ya zamani. Nikarudi na boksi na risiti. Jamaa akaigeuza, akaangalia hiyo kijani, akasema "hapa maji yameingia, maji hayako kwa waranti". Nikamwuliza, si ni wewe ulisema ziwani? Akaniambia nilimwelewa vibaya.

Na sasa sikiza kosa lenyewe, juu hilo la kwanza lingenipata hata mtu mwangalifu. Alivyoona nimekasirika akashusha sauti, akaniita ndugu, akasema hiyo ilikuwa mzigo mbaya, mzigo mpya umefika wiki hii, na kwa vile mimi ni kastoma wake atanipea nyingine kwa 2,000 badala ya 3,200. Nikahesabu kichwani nikaona naokoa 1,200. Nilikuwa siokoi chochote! Nilikuwa namlipa mtu yule yule mara ya pili kwa uongo ule ule, na safari hii pia sikumwambia aandike kitu. Hiyo ya pili ilifika Aprili, mvua za masika zikaipata njiani karibu na Dunga, ikafa pande zote mbili siku moja.

Nilipeleka zote kwa fundi wa simu Kibuye nikitumaini kutoa moja nzima kutoka kwa mbili mbovu. Akafungua moja na wembe mbele yangu. Akanionyesha plastiki imebanwa tu juu ya plastiki, hakuna gundi imezunguka, hakuna mpira, na hapo sauti hutokea kuna kawavu tu, maji yanapita kama kwa chujio. Akaniambia hiyo IPX7 ni wino tu kwa boksi. Nilihisi vibaya sana hapo, si kwa ajili ya pesa tu, ni vile nilikuwa nimemwelezea yule mtu mpaka habari ya presha yangu na bado akanitazama usoni akanidanganya.

Nikaenda nikasoma. IPX si pambo wala jina la kampuni, ni alama ya kiwango cha kimataifa kinaitwa IEC 60529. Namba ya mwisho ni ya maji: 4 ni maji ya kurushwa kutoka kila upande, 5 ni ya kumwagiwa na mpira wa maji, 7 ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Hiyo X inamaanisha vumbi halijapimwa, na wewe na hilo vumbi la Nakuru ukipata iliyoandikwa IP55 ni afadhali. Kwa jasho, 4 ya ukweli inatosha. 7 ya uongo haikusaidii na chochote. Halafu vipimo hivyo hufanywa na maji safi, na jasho lina chumvi. Ukitoa podi sikioni zikiwa na jasho ukazirudisha kwa kasha, umeme wa kuchaji unapita hapo kwa vipini pamoja na chumvi, na hapo ndipo ile kijani inaota. Kwa hivyo hata ukinunua nzuri panguza kwanza, acha zikauke, ndio urudishe. Na kasha lenyewe mara nyingi haliko kwa hiyo namba kabisa, linalolindwa ni podi tu.

Na hiyo ya kuogelea nikwambie kitu kimoja utamwuliza huyo jamaa wako. Bluetooth haipiti kwa maji. Ukizamisha kichwa simu ikiwa kwa taulo ufuoni, muziki unakatika hapo hapo, hata podi ziwe za bei gani. Mtu akikuambia utaogelea nazo ukisikiliza simu, ama hajui anachouza ama anajua na hajali. Wote wawili hawafai kushika pesa yako.

Sasa kanuni yangu, na hii ndiyo nataka ushike hata usahau hayo mengine yote. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aandike kwa risiti, kwa mkono wake, "waranti inahusu jasho", miezi mingapi, na aweke muhuri. Neno jasho liwe hapo. Si "maji", juu kwa maji atakuambia ulizamisha. Si "waranti mwaka 1", juu waranti bila maelezo atakuja kuitafsiri vile anataka siku ukirudi. Jasho. Akikataa kuandika, ama aanze kucheka ati kwani huniamini, wewe rudisha boksi mezani utoke. Sheria ya kulinda mlaji ya 2012 inakataza muuzaji kukudanganya kuhusu bidhaa, lakini maneno ya mdomo utayathibitisha wapi? Mimi nilikuwa na risiti mbili na hakuna hata moja iliyosema kitu.

Nilijaribu hiyo kanuni mara ya tatu. Maduka manne Oginga Odinga Street yalikataa, mmoja alinifokea kabisa. La tano kulikuwa na mama fulani, akanisikiliza, akatoa zile alikuwa ameniwekea mezani akazirudisha kwa kabati, akaniambia "hizo siwezi kukuandikia". Akanitolea nyingine za 2,600, IPX5, zina ndoano ya kushika sikio, akaandika "jasho imo, miezi 12" akagonga muhuri. Unaona? Alijua zipi ni zipi. Wote wanajua! Ni kalamu tu inawafanya waseme. Mwezi wa saba ya kushoto ikafa, nikampelekea, akasoma mwandiko wake mwenyewe, akanibadilishia bila neno. Ndizo nakimbia nazo mpaka leo.

Ukiwa hapo dukani vaa kwanza, uruke, uiname kama unafunga kamba za viatu, ukubwa wa zile mpira za sikio huwa ni tatu kwa boksi na inayokutosha si lazima iwe ile imewekwa tayari. Pigia mtu simu pia. Na usidanganywe na neno ENC kwa boksi ukadhani itakuzimia kelele za matatu, hiyo ni ya maiki, inamsaidia yule unaongea naye. Ya masikio yako inaitwa ANC, na hata hiyo usiiwashe ukikimbia barabarani, boda za huko zinatokea nyuma. Acha sikio moja wazi.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwanza mpigie huyo jamaa leo, si Jumamosi, umwulize swali moja: ataandika jasho kwa risiti? Uturudishie jibu hapa kabla hujafungua M-Pesa, hata ikiwa usiku nitakuwa naangalia.