Maswali ya Wasomaji: Bomba la Viputo

SWALI: Mhariri, ninafuga sato katika tangi lenye kina cha mita 1. Fundi amenishauri nitumie bomba linalopandisha maji kwa viputo vya hewa. Je, litayafikisha kwenye pipa lililo paani, mita 3 juu ya tangi? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Paani halitafika. Pampu ndogo ya hewa iliyo nje husukuma hewa hadi karibu na ncha ya chini ya bomba lililosimama majini, na mchanganyiko wa maji na viputo, kwa kuwa ni mwepesi kuliko maji yanayolizunguka bomba, hupandishwa na uzito wa maji hayo. Nguvu basi hutokana na kina ambacho bomba limezama, wala si mngurumo wa pampu. Kwako tarajia sentimita 10 au 20 juu ya usawa wa maji, kiasi kinachotosha kuyapitisha kwenye chujio na kuyarudisha tangini. Kwa pipa la paani, nunua pampu ya kawaida ya maji.

Hata hivyo usilidharau bomba hilo, kwani halina kifaa kinachozunguka majini, hivyo kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hupita bila kukwamisha chochote. Ukiwakuta sato alfajiri wakihemea juu ya maji, ongeza jiwe la hewa (kipande chenye vitundu vidogo kinachofungwa kwenye ncha ya mpira wa hewa), ambalo viputo vyake vidogo hupanda polepole na kuyeyusha oksijeni zaidi. Pampu yenyewe iweke juu ya usawa wa maji, la sivyo umeme ukikatika maji yatarudi kwenye mpira na kuiingia.