Taa za dashibodi haziitikii dima: jua kwanza dima yako imekaa upande gani

Mkuu, nimekuelewa hivi: tangu redio ibadilishwe, taa zote za dashibodi zinawaka kwa ukali, ukizungusha dima (kitufe cha kupunguza mwanga wa dashibodi) hakuna kinachobadilika, na fyuzi ni nzima. Usinunue dima bado. Dalili hizo tatu zikikutana, mara nyingi dima haina kosa lolote. Kosa ni waya mmoja nyuma ya redio. Utaelewa kwa nini ukishajua dima ya gari lako imekaa upande gani wa saketi, maana shoti ileile (waya kugusana pasipotakiwa) huonekana tofauti kabisa kulingana na upande huo.

Ukiwasha taa ndogo, moto (umeme wa chanya) unatoka kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na kugawanyika: sehemu inaenda taa za nyuma na za kibao cha namba, sehemu inaenda dashibodi na kwenye swichi zenye mwanga. Kwenye baadhi ya magari dima iko upande wa moto: balbu zote zimepata ethi (njia ya kurudi hasi ya betri kupitia bodi) moja kwa moja, na dima inapunguza volti kabla hazijafika. Kwenye mengine, Toyota nyingi zikiwemo, balbu zinapata volti 12 kamili muda wote taa ndogo zikiwaka, na dima inakaa kwenye waya wa kurudi, kati ya balbu na ethi.

Kujua lako ni lipi, chomoa swichi yoyote yenye mwanga, kwa mfano ya hazadi (taa za dharura), lakini soketi yake iache imeunganishwa na balbu ndani. Washa taa ndogo. Shika ncha nyeusi ya mita ya umeme kwenye chuma safi cha bodi, na nyekundu iingize kwa nyuma ya soketi kwenye waya mmoja wa balbu, kisha mwingine, huku mtu mwingine akizungusha dima. Waya unaobadilika volti ndio unaotawaliwa na dima. Ukiona mmoja umetulia kwenye 12 na mwingine unapanda kutoka karibu 0 kadiri mwanga unavyofifia, dima iko upande wa ethi. Ukiona mmoja umekaa 0 na mwingine unashuka kutoka 12, iko upande wa moto. Gari ambalo dima tayari haifanyi kazi halitakuonyesha hayo. Hapo tumia mchoro wa umeme wa modeli yako.

Sasa redio. Gari lenye dima upande wa ethi hupeleka waya mbili za mwanga kwenye redio: wa moto na wa kurudi. Redio nyingi za kununua zina waya mmoja tu wa mwanga, wa rangi ya chungwa, na ethi yake ni ule mweusi. Aliyefunga akiona waya wa kurudi hauna pa kwenda, anaukunja pamoja na mweusi. Kuanzia hapo umeme wa balbu zote za dashibodi unapita njia ya mkato kwenda kwenye bodi bila kugusa dima. Taa zinawaka kikamilifu, fyuzi haikatiki kwa sababu mkondo ni uleule wa kawaida, na dima yenyewe haijaumia. Chomoa soketi ya redio upande wa waya za gari ujaribu. Dima ikianza kuitika, tenganisha waya huo, uufunge ncha kwa tepu peke yake, na waya wa chungwa uunganishe na moto wa taa ndogo.

Kosa hilohilo kwenye gari lenye dima upande wa moto lina gharama zaidi: unapeleka moto uliotoka kwenye dima moja kwa moja kwenye bodi. Fyuzi inaungua, na kama dima ni ya transista (ya kielektroniki), huenda ikatangulia yenyewe kabla ya fyuzi. Fyuzi ya ampea 10 ipo kulinda waya, haina kasi ya kuiokoa transista.

Ukichomoa redio na bado zinawaka kwa ukali, chomoa soketi ya dima. Taa zikizima, dima imeshoti ndani, ibadilishe. Zikibaki zinawaka, tafuta waya: upande wa ethi, waya wa kurudi umebanwa na chuma au umetobolewa na skrubu ya kibati, upande wa moto, waya unaotoka kwenye dima umegusana na moto mwingine.

Kwa wenye tatizo la kinyume, taa za ndani zimezima, hakikisha kwanza dima haijashushwa hadi mwisho. Kisha zunguka nyuma ya gari. Taa za nyuma na za kibao zikiwa zimezima pia, kosa liko kwenye fyuzi, rilei au swichi kuu ya taa. Zikiwaka, kagua fyuzi ya dashibodi: fyuzi bapa zina vitobo viwili juu, gusa vyote kwa taa ya kujaribia. Napendelea taa ya balbu kuliko mita hapa, kwa sababu mita itakuonyesha volti 12 hata kupitia pini iliyoota kutu ambayo haiwezi kuwasha chochote. Ikiwa ni sehemu moja tu ya dashibodi yenye giza, achana na dima. Ni balbu, au kishikio chake hakigusi njia ya shaba vizuri.

Dima ya kizamani ya waya uliozungushwa ina pini mbili za kazi. Ziunganishe kwa waya wenye fyuzi ya ampea 5. Taa zikiwaka zote, dima imekufa au imechafuka. Itoe, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani) na uzungushe taratibu sana. Namba inapaswa kupanda bila kuruka. Ikikatika sehemu moja kisha ikarudi, ndiyo ile taa inayopepesa ukipita kwenye matuta. Uchafu hutoka kwa dawa ya kusafishia swichi na kuzungusha mara ishirini hivi. Waya uliokatika hautengenezeki kwa risasi ya kuchomelea, haishiki kwenye waya wa aina ile.

Dima ya transista, yenye pini tatu au zaidi, usiipime kwa omu na usiiunganishe pini kwa kubahatisha, maana mojawapo ni ethi na nyingine ni moto. Ipime ikiwa kazini. Taa zikiwaka, pima kutoka pini yake ya ethi hadi hasi ya betri: volti 0.1 au chini ni sawa, ikizidi 0.2, safisha ethi kwanza. Nyingi hufanya kazi kwa kukata na kurudisha umeme haraka kuliko jicho linavyoona, hivyo mita ikikuonyesha volti 6 ni wastani tu wa 12 inayowaka nusu ya muda. Kwenye magari mapya, kitufe kinatuma volti ndogo tu kwa kompyuta ya bodi. Hapo soma kwa skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) kama kompyuta inaona namba ikibadilika unapozungusha.

Fyuzi ikiwa inaungua, usiendelee kulisha mpya. Weka balbu ya breki ya wati 21 mahali pa fyuzi. Haipitishi zaidi ya karibu ampea 1.8, kwa hiyo waya uko salama. Shoti ikiwepo, balbu inawaka kwa nguvu zake zote. Chomoa soketi za swichi moja moja, kisha redio, kisha kiberiti cha sigara na taa yake. Ile ukiichomoa balbu ikafifia na dashibodi ikapata mwanga, umefika.

Mwisho, waliobadilisha balbu kuwa LED wakalalamika dima haipunguzi. Balbu kumi za wati 1.2 zinavuta ampea 1, na dima ya omu 10 inakula karibu nusu ya volti. LED kumi zinavuta kama ampea 0.2, dima ileile inakula volti 2 tu. Rudisha balbu mbili tatu za kawaida kwenye saketi na utaona tofauti. LED isiyowaka kabisa igeuze, ina chanya na hasi.

Kabla ya kung'oa geji toa hasi ya betri, na soketi za njano usizichokonoe kwa mita wala taa. Kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa.